Kocha Aliyegeuzia Uwanja Mgongo

Ukiwauliza waliofundishwa na Kocha wanakumbuka nini kwanza, wengi watakuambia mgongo wake. Makocha wengine husimama kando ya uwanja wakiwakodolea macho wachezaji, wanafoka, wanarusha mikono. Yeye alisimama ameelekea ukuta wa karakana, mikono nyuma, kofia ya sufu imepandishwa ili masikio yabaki wazi, na sisi tukacheza nyuma yake. Alikuwa akisikiliza. Alisema macho hudanganywa na jezi na maringo, lakini mguu ukigusa zege hauwezi kusema uongo.

Chuo chetu kilikuwa cha ufundi, pale Kawangware. Mimi nilisomea stima, kazi ya umeme. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Sarang'ombe, Kibera, nikienda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni. Kocha ndiye aliyekuwa kocha wa kwanza wa chuo hicho, na kwa muda mrefu alikuwa peke yake. Alifundisha kandanda na kikapu, wanaume kwa wanawake. Kabla yake hakukuwa na timu yoyote, kulikuwa na wanafunzi tu waliopiga mpira wa makaratasi wakingoja kengele. Uwanja wa kikapu aliupata kwa ujanja: zege lilikuwa limemwagwa kwa ajili ya karakana ya pili ambayo haikujengwa, naye akaenda kwa prinsipo, mkuu wa chuo, kila Jumatatu kuliomba hadi akapewa. Wanafunzi wa kuchomelea wakamtengenezea pete mbili kwa vyuma chakavu, moja imeinama kidogo kuliko mwenzake. Timu za vyuo vya mjini zilikuja zikazicheka pete zetu, kisha zikarudi kwao zimenyamaza.

Siku ya kwanza nilipokwenda kujiandikisha nilimkuta amenipa mgongo. Nilikuwa bado sijasema neno.

"Wewe mgeni," akasema, "soli ya kiatu chako cha kulia imeanza kuachana. Na begani kushoto umebeba maji tangu ukiwa mdogo."

Nilitazama kiatu. Kweli soli ilikuwa imefunguka mbele, upana wa kucha. Na maji nilikuwa nimebeba, kwa bega hilohilo, kuanzia nikiwa darasa la tatu. Nilidhani kuna mtu amemwambia, lakini hakuna aliyenijua pale. Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza, akanipa mkono kama watu tunaofahamiana tangu zamani. Mkono wake ulikuwa baridi, ingawa jua lilikuwa kali.

Alitujua wote kwa namna hiyo. Achieng, nahodha wetu, alikuwa akijaribu kumchanganya kwa kuvaa viatu vya mwenzake, au kutembea kwa visigino. Kocha hakukosea hata mara moja. Ukichelewa, ukaja ukinyata nyuma ya wenzako, alilitaja jina lako bila kugeuka. Tuliliona jambo hilo kama mchezo, tukajivunia kwa wageni. Kilichotutia wasiwasi kilikuwa kingine.

Kila mazoezi yalianza kwa swali moja. Aliuliza tuko wangapi. Achieng alituhesabu akajibu, tuseme, kumi. Kocha hakusema sawa. Alitega sikio kwa muda, kichwa kimeinama upande mmoja, kisha akasema "haya," kwa sauti ya mtu ambaye amepewa hesabu isiyotimia lakini hataki ubishi. Halafu mazoezi yakaanza. Mara mojamoja, katikati ya mchezo, aliinua mkono, akasema taratibu, "Mwacheni apite." Tuliokuwa karibu na mstari wa nje tukasogea ndani. Hakupita mtu. Baada ya sekunde chache akashusha mkono, tukaendelea.

Unaweza kuzoea kitu chochote ukiwa na miaka kumi na tisa. Tulijifunza kuuacha wazi ukanda mwembamba kuzunguka zege lote, kama hatua mbili kwa upana, na hakuna aliyekanyaga pale bila sababu. Mwanafunzi mmoja mpya wa useremala, mtu wa mzaha, aliwahi kusimama palepale makusudi akapanua miguu na mikono, akamwambia Kocha, "Sasa apite wapi?" Tulitegemea Kocha akasirike. Alimwendea, akamshika kiwiko, akamsogeza kama unavyomsogeza mgonjwa, akamwomba tafadhali asirudie. Yule kijana alituambia baadaye kwamba kilichomtisha ni ile tafadhali. Hakurudi kwenye timu.

Lakini nisimfanye kuwa mtu wa kutisha tu, maana ningekuwa nasema uongo. Kwenye uwanja wa kandanda alikuwa mtu mwingine kabisa. Tulichezea uwanja wa murram nje ya chuo, wenye vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye ugali, na huko aliutazama mchezo kwa macho yake mawili, akacheka, akatutania. Alimwita mlinda lango wetu Mama Kanisa kwa sababu mikono yake ilikuwa wazi kupokea kila kitu. Alikula mahindi ya kuchemsha amesimama, akitupa punje moja hewani na kuidaka kwa mdomo. Ukimwona huko ungedhani hana shida duniani. Kisha tukarudi chuoni, akakanyaga zege, na ungeona mabega yake yakipanda.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asiache kikapu akabaki na kandanda, maana aliipenda zaidi. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za karakana, yeye anafunga bandeji kwenye kifundo changu.

"Nikiacha," alisema, "atabaki peke yake."

Sikuthubutu kuuliza ni nani. Mwaka huohuo tulishinda vikombe viwili, kandanda na kikapu, na chuo kimoja kikubwa cha mjini kilimtaka. Wangempa uwanja wenye paa na nyumba ya kuishi. Alikataa, na alipoulizwa na prinsipo alijibu kwamba ana mwanafunzi ambaye hajamaliza.

Kulikuwa na mambo mengine ya ajabu kwa Kocha. Hakuvaa saa. Simu yake aliiacha kwa soja wa getini kabla ya mazoezi, na hata iite vipi hakwenda kuipokea. Na hakuwahi kumkimbiza mtu kama adhabu. Makocha wote niliowajua, ukikosea wanakuzungusha uwanja mpaka utapike. Kocha alikusimamisha. Ukichelewa ulisimama, ukitukana ulisimama, umekumbatia mpira kifuani mpaka mikono ikatetemeka, naye akasimama kando yako muda wote. Mazoezi yalipoisha hakuna aliyeondoka hivihivi. Alitupitia mmoja baada ya mwingine, akatugusa bega, akatuambia kila mtu kwa jina, "Umemaliza. Nenda nyumbani." Hata mvua ikinyesha. Hata kama umeshachukua begi lako. Achieng aliwahi kuondoka mapema bila kuambiwa, na Kocha akamfuata kwa miguu mpaka stejini kwenye matatu, akihema, ili amwambie maneno hayo matatu.

Alikuwa na misemo yake. "Pumzi haina spea," alipenda kusema, akimaanisha tusiichezee. Mwingine ulikuwa, "Ukichoka sema, aliyenyamaza tutamzika na siri yake." Huo tuliuona mkali, lakini tuliuheshimu, ila mwaka uliofuata vile vikombe Achieng aliuvunja. Alikuwa amejisikia vibaya wiki nzima bila kusema, kwa sababu fainali ilikuwa karibu. Alasiri moja tukiwa katikati ya mchezo, Kocha aligeuka ghafla. Hakuwa na desturi ya kugeuka mchezo ukiendelea. Akaingia uwanjani akamkalisha Achieng chini.

"Hatua zako zinaruka," alimwambia. "Mbili, halafu moja inapotea. Ni moyo, si miguu."

Achieng alibisha kwamba yuko fiti. Kocha hakubishana. Alimpeleka zahanati mwenyewe, na kutoka huko wakatumwa hospitali kubwa, na madaktari wakaona kweli kuna tatizo la mapigo. Walimpa dawa, wakamkataza kucheza. Tulipoteza fainali. Achieng yuko hai mpaka leo, ana watoto wawili na duka la vipuri, na mkimzungumzia Kocha vibaya mbele yake atawafukuza.

Mimi nilikuwa nusu naamini, nusu siamini. Mtu aliyesomea stima hujifunza kwamba kila kinachotikisika kina waya mahali fulani. Nikajiambia Kocha ana masikio makali tu, na lile jambo la kuhesabu ni tabia ya uzee. Mpaka siku ya mvua.

Ilikuwa alasiri, mvua ya ghafla, tukakimbilia chini ya paa la karakana. Maji yalijaa haraka juu ya zege kwa sababu lilikuwa tambarare, bila mifereji. Mvua ilipokatika, maji yakabaki yametulia kama kioo, na Kocha alikuwa bado amesimama kule nje, amelowa, ameelekea ukuta. Nilikuwa naangalia ule ukanda wa pembeni. Maji yakatikisika. Kiduara kikafunguka, kikapanuka. Hatua moja mbele, kingine. Halafu kingine. Vilikwenda hivyo kwa mpangilio, vikafika kona, vikakata kona, vikaja upande wetu. Sitaapa. Paa la karakana lilikuwa likidondosha matone, na matone hufanya viduara. Lakini paa halikufika kule. Na matone hayakati kona.

Nilimtazama Kocha. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anahesabu mizunguko.

Sikumwambia mtu. Nilimaliza masomo, nikapata cheti, nikaanza kazi. Miaka ikapita, nikawa fundi ninayejulikana, nikaolewa, nikahamia ng'ambo nyingine ya Kibera. Habari za Kocha zilinifikia kwa vipande. Kwamba amestaafu. Kwamba chuo kimeamua kujenga mabweni, na zege la kikapu limevunjwa kwa nyundo, siku mbili nzima, naye alikuja akasimama getini akitazama mpaka kipande cha mwisho kikapakiwa kwenye lori. Kwamba baada ya hapo hakuonekana tena Kawangware.

Nilimpata bila kumtafuta. Kanisa moja dogo la Silanga, hukohuko Kibera, liliniita kurekebisha waya zilizokuwa zinatoa cheche, na nilipomaliza nikashuka upande wa bwawa kununua mboga. Pale mashamba madogo yanapoanza, nilimwona mzee amepiga magoti kwenye kitalu cha sukuma wiki, kofia ya sufu kichwani. Nilijua ni yeye kabla hajainua uso. Nilikuwa nimetembea hatua kama tano kwenye udongo laini.

"Nekesa," akasema. "Umenunua viatu vizuri."

Alifurahi kuniona. Alinipeleka kwake, chumba kimoja cha mabati kilichosimama peke yake pembeni ya shamba. Nilipofika karibu nikasimama. Kuzunguka nyumba ile, nyasi zilikuwa zimekufa. Kulikuwa na njia iliyopondwa, upana wa hatua mbili, ikizunguka kuta zote nne bila mwanzo wala mwisho. Udongo wake ulikuwa mgumu, unang'aa. Mama muuza makaa aliyekuwa jirani aliniambia, bila kuulizwa, kwamba mzee huwa anazungukazunguka. Nikamtazama Kocha. Alikuwa anatembelea fimbo, na goti lake la kulia halikunjiki. Mtu huyo hangeweza kuipondaponda ardhi namna ile hata kwa miaka kumi.

Tulikaa mlangoni. Alinipa chai. Nilimuuliza nilichoshindwa kumuuliza kwenye ngazi za karakana, naye alinijibu mara moja, kama mtu aliyekuwa akingoja aulizwe.

Jina lake lilikuwa Owiti. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, alisomea mabomba, miaka michache kabla yetu. Alikuwa mchezaji bora kuliko wote Kocha aliopata kuwafundisha, na mbishi kuliko wote. Siku moja, saa saba mchana, jua la Februari, alimjibu Kocha vibaya mbele ya wenzake. Kocha akawaruhusu wengine, akambakiza Owiti. Akamwambia azunguke zege, na asisimame mpaka amwambie mwenyewe. Owiti akaanza kukimbia. Kisha simu ya Kocha ikaita. Ilikuwa ya prinsipo, anamwita ofisini kuhusu safari ya mashindano. Akaenda. Huko wakazungumza, wakanywa chai, wakapanga majina. Kocha akasahau.

Alipokumbuka, alikuta Owiti amelala kifudifudi kwenye kona, zege moto chini ya shavu lake. Alikuwa ameshakufa.

Mpaka hapo ningeweza kusema ni bahati mbaya, kubwa, lakini bahati mbaya. Yaliyofuata ndiyo yaliyomlemea Kocha. Alipoulizwa, alisema alikuwa amewaruhusu wachezaji wote, na kwamba Owiti alibaki kwa hiari yake kufanya mazoezi ya ziada. Hakuna aliyembishia. Prinsipo alilichukua hilo, akalipeleka kwa mama yake Owiti. Mwili ukasafirishwa ocha, kijijini kwao kule ziwani, na Kocha hakwenda kuzika. Wiki iliyofuata, mazoezi yaliporudi, alisimama kwenye zege akasikia hatua za mtu mmoja zaidi.

"Nilizijua," aliniambia. "Mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Nikageuka nimwone, sikuona mtu. Tangu hapo sikupenda kugeuka."

Mimi nilikuwa nimedhani anatupa mgongo ili asikie vizuri.

Walipovunja zege, alidhani yataisha. Usiku wa kwanza Owiti hakuja, wala wa pili. Siku ya tatu, asubuhi, akichemsha maji, alimsikia akizunguka nyumba. Akaniambia, "Sasa hivi yuko nyuma, karibu na choo. Anakuja huku." Nilivuta miguu yangu ndani bila kutaka. Upepo ulipita mlangoni, mfupi, wenye joto, kama pumzi ya mtu anayekimbia. Chai kwenye kikombe changu ilitikisika. Kocha alikuwa ananitazama, naye hakuuliza kama nimesikia.

Nilimuuliza mama yake Owiti yuko wapi. Akasema Kisumu Ndogo, humuhumu Kibera, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na kanisa lenye mlango wa bluu. Alikuwa amejua miaka yote. Kutoka pale mlangoni ni mwendo ambao hata kwa goti lake haungemshinda. Hakuwahi kwenda.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba alitufundisha kusema tukichoka, kisha yeye mwenyewe akanyamaza mpaka mtu aliyekufa akachakaza ardhi. Sijawahi kumwongelesha mtu mzima hivyo, na sikuomba msamaha. Kocha akachukua fimbo yake.

Tulikwenda saa tisa. Njiani, mara mbili Kocha alisimama na kusogea pembeni ya njia, na mara zote mbili nikasogea naye.

Mama Owiti alikuwa mwanamke mwembamba, leso kichwani, amekaa kwenye benchi mbele ya kibanda chake akichambua omena kwenye ungo. Mtaa wote ulimwita kwa jina la mwanawe. Wateja walilitaja mara kumi kwa saa, na kila lilipotajwa Kocha alishtuka. Nilimsalimia mama, nikamwambia nimemletea mtu aliyemfahamu Owiti. Alimtazama Kocha kuanzia viatu mpaka kofia.

"Wewe ndiwe kocha," akasema. "Nilikungoja mazishini."

Kocha alimwambia yote, amesimama. Hakujitetea. Aliitaja simu, aliitaja chai, aliutaja uongo. Mama Owiti aliendelea kuchambua, akiokota vijiwe na kuvitupa, mpaka vidole vyake vikasimama.

"Waliniambia alijitakia," alisema. "Kwamba alipenda sifa kuliko uhai. Unajua nimemgombeza mara ngapi? Naenda kaburini kila Desemba namgombeza. Namuuliza, kwa nini hukutosheka?"

"Nilidanganya, Mama Owiti."

"Nimesikia."

Kisha Kocha akamweleza kuhusu hatua. Nilitaka kumzuia. Niliona ni ukatili kumwambia mama jambo kama hilo, kwenye benchi lake, mchana kweupe, na wateja wakipita. Lakini mama hakushangaa. Aliuliza anakimbiaje. Kocha akamwambia kuhusu mguu wa kushoto. Mama akauweka ungo kando yake kwenye benchi.

"Alichomwa na jiko akiwa na miaka minne," alisema. "Vidole vilishikana. Hakuvua soksi mbele ya mtu, hata ndugu zake." Halafu akauliza, "Ulimwambia asimame?"

"Niliporudi nilimkuta chini."

"Sijauliza ulimkutaje. Ulimwambia akimbie mpaka utakapomwambia asimame. Ulimwambia?"

Nadhani miaka yote ile Kocha, akituaga sisi mmojammoja, akitufuata mpaka stejini, hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo wazi namna ile. Alitikisa kichwa.

"Basi mwambie," Mama Owiti alisema. "Si umesema anakufuata? Yuko hapa. Mwambie."

Kocha alivua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa. Aligeuka, akautazama uchochoro, wazi, na macho yake mawili.

"Owiti," alisema. "Simama, baba. Umemaliza. Ni mimi niliyekosea."

Redio ya jirani ilikuwa inalia. Kanisani kulikuwa na mtu anajaribu ngoma. Sikusikia kitu kingine, na nilikuwa nasikiliza kwa mwili wote. Kocha alitega sikio, kichwa kimeinama upande.

"Amesimama?" mama aliuliza.

"Amesimama."

"Yuko wapi?"

Kocha alisita. Nikaona anamtazama mama, halafu anatazama kidogo kando ya mama. "Yuko hapo na wewe," alisema. "Anahema."

Mama Owiti hakugeuza kichwa. Alikaa vile alivyokuwa, mikono mapajani, ina magamba ya omena yanayometameta. Kisha akauinua ungo kutoka pembeni yake, akauhamishia upande wa pili, akasogea mpaka mwisho wa benchi ili kuwe na nafasi. Mbao za benchi zikalia. Bado najiambia ni uzito wake ndio uliozifanya zilie, maana ndiye aliyesogea.

"Mimi sijakusamehe," alimwambia Kocha. "Hilo ni la siku nyingine, kama litakuja. Vuta hiyo ndoo ukae."

Kocha aliigeuza ndoo, akakaa.

"Michezo ilikuwa Jumamosi," mama alisema, "na Jumamosi ndiyo siku yangu ya soko. Sikuwahi kumwona akicheza, hata siku moja. Niambie anachezaje."

Alisema anachezaje, hakusema alichezaje, na Kocha hakumrekebisha. Alisugua goti lake bovu, akatazama nafasi iliyokuwa wazi kwenye benchi, kama anayeomba ruhusa.

"Anaanzia kushoto," alisema. "Watu wanadhani ataingia ndani, lakini haingii. Anangoja."

Niliwaacha hapo. Nilikuwa na kazi nyingine upande wa juu, na nilihisi hawakunihitaji tena. Kwenye kona niligeuka mara moja. Mama Owiti alikuwa anacheka, amefunika mdomo kwa leso, akiwa ameegemea upande ule usiokuwa na mtu.